Mabasi Mia Mbili na Arobaini

Barabara ya Mawe Matatu inaanzia juu, kwenye lami pana inayoingia Musoma kutoka Bunda na Butiama. Inashuka ikijipinda kati ya majabali na nyumba, ikifika ziwani imechoka. Katikati ya mteremko huo, chini ya ukuta wa nyumba ya Mama Gati, kuna ubao mrefu uliotolewa kwenye mtumbwi mzee na kulazwa juu ya mawe mawili. Hicho ndicho kijiwe. Kahawa humiminwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na maneno huanza kabla ya kahawa. Ukikaa mwisho wa ubao unaliona ziwa, ukikaa katikati unasikia kila kitu, na ukikaa upande wa ukutani, kwa wiki tatu sasa, mgongo wako unaegemea alama nyekundu ya rangi, kubwa kama mlango. Watu wa mipango waliichora asubuhi moja, wakabandika na tangazo pembeni yake, wakaondoka. Tangazo lilisema kwamba barabara hii hupitiwa na mabasi mia mbili na arobaini kwa siku, kwa hiyo mabasi yatatengewa njia yao peke yao, mita tatu na nusu, upande wa kushoto. Upande wa kushoto ulikuwa huu wa ubao. Na nyuma ya ubao, baraza la Mama Gati. Na nyuma ya baraza, chumba chake cha mbele.

Nyamhanga alikuwa amekaa upande wa ukutani. Kwa miaka ishirini na miwili aliwashikia wapimaji wa barabara ile fimbo ndefu yenye namba, akasimama nayo juani kuanzia Sirari mpaka Bunda, na hakuna hata siku moja aliyoombwa kuchungulia kwenye darubini yao. Lakini alistaafu na kofia ngumu ya njano, na kofia ikamzalia jina. Mtaa mzima ulimwita Injinia. Alikuwa na kazi nyingine pia, isiyo na kofia: kuzungumza mahari. Hakuna posa iliyotoka Mawe Matatu bila yeye kwenda mbele, na hakuna iliyoingia bila yeye kukaa upande wa wenye binti. Kwa ng'ombe alikuwa na ulimi wa asali na moyo wa jiwe.

Asubuhi hiyo ulimi ulikuwa umelala. Kikombe kilipoa mkononi mwake.

— Kikao kimefunguliwa, — alisema Burito, fundi redio, ambaye walimwita Spika kwa sababu aligawa zamu za kusema kisha akazitumia zote mwenyewe. — Ajenda ni ileile. Mama Gati anavunjiwa. Nani ana maoni? Mimi ninayo. Hii njia ya mabasi ni mpango wa watu wa Bunda.

— Wa Bunda wamefanya nini tena? — aliuliza Mama Gati. Jina lake la kanisani lilikuwa Gaudensia, lakini hapo mtaani lilitumika Jumapili tu. Alikuwa akisuuza vikombe kwenye beseni, mgongo kwa ukuta wake mwenyewe, asiione ile alama.

— Wamechoka kufika Musoma wamechelewa. Sasa wanataka njia yao peke yao, waje mbio, wanunue sangara wote wazuri, warudi kabla sisi hatujapiga mswaki.

— Na baraza langu wanalitakia nini?

— Mama Gati, haba na haba hujaza kibaba. Wanaanza na baraza.

— Hiyo methali ni ya kuweka akiba.

— Ndiyo hiyohiyo. Wanajiwekea akiba ya baraza zetu.

Wambura aligonga ubao kwa ufunguo wa baiskeli yake. Huyo alifunga kamba za pantoni pale kivukoni Kisorya kwa miaka tisa, na tangu aache kazi hiyo hajawahi kueleza jambo lolote duniani bila kulipitisha kivukoni. Walimwita Kisorya.

— Spika, unaangalia juu wakati jambo liko chini, — alisema. — Huu mteremko unaendaga wapi?

— Ziwani.

— Basi likishuka kwenye njia yake peke yake, bila kusimama, litaishia wapi?

— Ziwani.

— Haya. Kuna pantoni inakuja hapo chini. Haya mabasi yatapanda pantoni bila kugusa breki, moja kwa moja Ukerewe. Wanataka kuua kivuko cha Kisorya. Nimesema muda mrefu, hamkunisikiaga.

— Umesema lini?

— Nimesemaga moyoni. Samaki mkunje angali mbichi.

— Nani samaki hapo?

— Kisorya yenyewe.

Injinia aligeuza uso akatazama lile tangazo, lile ambalo macho yake yalikuwa yakilikimbia kwa wiki tatu, na namba ikamtazama. Mia mbili na arobaini. Aliijua namba ile kama mtu anavyomjua mtoto wake wa nje. Ilitoka kinywani mwake.

Ilikuwa miezi miwili nyuma, alfajiri ya manyunyu. Kijana mgeni mwenye fomu alikuwa ametumwa kuhesabu magari, akakaa kwenye ubao huu, akahesabu kwa muda wa kikombe kimoja, mvua ikamtisha. “Mzee,” akauliza, huku ameshajifunika mkoba kichwani, “kwa siku hapa mabasi yanapita mangapi?” Ubaoni hakuwepo mwingine, wapita njia tu barabarani. Mama Gati alikuwa ndani akitafuta moto. Injinia akavuta pumzi, akautazama mtaa wake ulivyolowa, akajibu. Kijana akaandika. Basi.

— Mimi nitawaambia, — alisema Spika, ambaye zamu ilikuwa imemrudia. — Dhahabu. Haya majabali hayakukaa hapa bure. Chini ya nyumba ya Mama Gati kuna mwamba wenye mshipa.

— Umewahi kuona basi linachimba? — aliuliza Mama Gati.

— Ndiyo uzuri wake. Basi lenye njia yake halina shahidi. Linapita, limebeba nini? Nani ataliuliza?

— Hapana, hapana, — alisema Kisorya. — Ni mtetemo. Sangara hapendagi mtetemo. Kule kivukoni pantoni ikiunguruma, samaki wote wanahamaga upande wa pili. Sasa mabasi mia mbili na arobaini kila siku yakishuka hapa, ziwa lote litatetemeka, sangara wetu watahamia Uganda. Mwenye mpango huu ana mitego Uganda.

— Mnaniudhi, — alisema Mama Gati kwa sauti ya chini. — Bunda, pantoni, dhahabu, sangara. Mimi nina swali moja. Hiyo namba kaitoa nani? Nimekaa hapa miaka kumi na moja. Nimeona mbuzi, nimeona maharusi, nimeona mpaka kiboko aliyepotea. Hayo mabasi mia mbili sijayaonaga.

— Mchawi, — alisema Spika.

— Jasusi, — alisema Kisorya.

— Injinia, wewe unasemaje? — aliuliza Mama Gati. — Wewe ndiye umeshika barabara.

— Kahawa imepoa, — alisema Injinia.

— Nikuongeze?

— Hapana. Acha niinywe hivihivi.

Tangu saa kumi na mbili, mwisho wa ubao ule alikuwa ameketi binti asiyejulikana. Alikuwa na raba zenye vumbi na mkoba mgongoni. Alikuwa ametoa shikamoo kwa wote, wakamwitikia, wakamsogezea nafasi, wakamsahau. Alikunywa vikombe viwili. Sasa alitazama saa yake, akatazama barabara juu, akatazama barabara chini.

— Samahani wazee wangu, — alisema. — Naomba kuuliza kidogo.

— Kiti kinakutambua, binti, — alisema Spika.

— Nimekaa hapa saa nzima na robo. Nimeona basi moja, nalo lilikuwa limepotea, dereva aliuliza njia. Hayo mengine yanapitaga saa ngapi?

Lilikuwa swali dogo, la mtoto, la kuulizwa na mtu anayetaka tu kujua. Kisorya alitazama juu, kana kwamba mabasi mia mbili na thelathini na tisa yangetokea kwenye kona yakiomba radhi kwa kuchelewa. Mama Gati aliweka beseni chini.

— Naitwa Rhobi, — alisema yule binti. — Nafanya kazi na hao wanaopanga njia za mabasi. Ile michoro iko mezani kwangu. Barabara nyingine tuliweka mitambo ya kuhesabia. Hii tulipewa fomu tu. Nikagawanya: mia mbili na arobaini kwa saa kumi na mbili ni basi moja kila dakika tatu. Nikasema, mtaa gani huu wa makazi wenye mabasi kama stendi? Nikaja kunywa kahawa.

Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaikunjua.

— Hapa chini kuna jina la mtoa taarifa. Limeandikwa: Injinia wa mtaa. Kijana wetu anasema alisikia watu wanaopita wakimsalimia hivyo, ndiyo maana akamwamini. Naomba kuonana naye. Ofisi yake iko wapi?

Upepo wa ziwani ulipanda ukageuza pembe ya tangazo. Spika alielewa kwanza. Akaelewa Kisorya. Na kwa sababu kijiwe ni kijiwe, na rafiki ni rafiki, wote wawili waliruka kwa pamoja.

— Alihamishwa, — alisema Spika. — Yuko Butiama siku hizi.

— Aliugua, — alisema Kisorya.

— Alihamishwa akiwa anaugua, — Spika akaunganisha.

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi. Injinia aliuona, mpana, umefunguliwa na rafiki zake wawili, na angeweza kupita bila kuinama. Kikombe baridi kilikuwa mkononi. Mbele yake Mama Gati alikuwa amesimama na birika, bado hajaelewa, akiwatazama wale wawili kwa mshangao. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeugusa ukuta wake, kwa nyuma, kama mtu anavyomshika mtoto asivuke barabara.

Injinia alisimama.

— Ofisi yake ni hapa, — alisema. — Ni mimi.

Mama Gati alimgeukia.

— Wewe?

— Mimi.

— Wewe ndiye umesema mabasi mia mbili na arobaini?

— Nilianzia juu, Mama Gati. — Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesomewa mashtaka na kuyasoma mwenyewe kwa wakati mmoja. — Unanijua kazi yangu. Mahari huanzi na tisa. Unaanzaga na thelathini, wenzako wanalia, wanasema punguza mzee, unashuka, wanapanda, mnakutana. Yule kijana aliniuliza namba. Mgeni kauliza namba mbele ya mtaa wangu. Nikampa ya kuanzia. Nikangoja aseme punguza. Nilikuwa tayari kushuka. Nilikuwa nimeshapanga ngazi zangu: nishuke mia, nishuke hamsini, tukutane kumi na mbili. Yeye akaandika. Akasema ahsante. Akaondoka kwenye mvua.

— Na hukumkimbilia?

— Mshenga hamkimbilii mkwe kumwambia ng'ombe wamepungua.

— Wiki tatu unakunywa kahawa yangu. Umeegemea alama.

— Wiki tatu sijaionja.

Mama Gati alimimina kikombe, akakitazama, akakimwaga chini.

— Siku ya kuezeka chumba hiki, — alisema, — nilikuwa sina mtu. Wewe ulinishikia ngazi kutwa nzima. Hukuiachia hata kwenda kula. Nikasema, huyu mzee mikono yake haitikisiki. Hukumu yako ipo. Naiweka kiporo. Kwanza tuokoe nyumba.

Injinia aliinamisha kichwa, akavua kofia ya njano, akamgeukia Rhobi.

— Binti yangu, kwetu neno la mahari halirudishwi kwa kunong'ona. Linarudishwa palepale liliposemewa, na mashahidi wawepo. Mahali ni hapa. Mashahidi ni hawa. Mia mbili na arobaini naiondoa. Andika kumi na mbili.

— Una uhakika na kumi na mbili?

— Ukitaka punguza kidogo.

— Mzee wangu, — alisema Rhobi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, — mimi sipatani. Mimi nahesabu. Nina fomu mpya, na Jumatatu inatakiwa mezani. Fomu inadai siku nzima. Mnihesabie leo mpaka saa kumi na mbili jioni, mimi niwasimamie, na kila mstari tuutie sahihi. Ile saa moja na robo ya kwanza nimeshaiandika mwenyewe.

Ndivyo ilivyoanza siku ambayo Mawe Matatu bado wanaihesabia miaka.

Injinia alishika kalamu kama alivyoshika fimbo: wima, bila kutikisika. Basi la pili lilipita saa tatu kasoro, likaandikwa. La tatu lilikuwa na abiria wawili na jogoo.

— Jogoo huyo anahesabiwa? — aliuliza Kisorya.

— Tunahesabu mabasi.

— Nauliza tu. Pantonini alikuwaga analipiwa.

Saa tano gari moja dogo la abiria lilishuka likiyumba, na Spika akainuka ubaoni.

— Hilo si basi. Hiyo ni Hiace iliyonenepa. Liache lipite.

— Fomu inasema viti kumi na vinne kwenda juu, — alisema Injinia. — Lina viti kumi na sita. Naandika.

— Injinia, uko upande gani wewe? Tunataka yawe machache.

— Spika, mimi nilishasema uongo wa kupandisha. Nikisema na wa kushusha, nitakuwa nimejenga ngazi ya uongo pande zote mbili. Naandika.

Aliandika. Na ajabu ni kwamba alipoandika, aliona njaa, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Akaomba kashata.

Mama Gati alimpa, bila kumtazama usoni, lakini alimpa. Kisha alisimama katikati ya baraza lake, mikono kiunoni, akitazama barabara. Wanafunzi walikuwa wakipanda kutoka shule ya chini. Wanawake walikuwa wakishuka na mabeseni matupu kichwani, wengine wakipanda na mabeseni yaliyojaa dagaa, maji yakiwachuruzika mabegani. Mzee mmoja alimvuta mbuzi. Bibi mmoja alipumzika kwenye jabali, akaondoka, akapumzika kwenye jabali lingine.

— Rhobi mwanangu, — alisema. — Na hawa je?

— Hawa nani?

— Hawa wenye miguu. Tangu asubuhi mnahesabu magurudumu. Fomu yako haina nafasi ya miguu?

Rhobi aligeuza karatasi. Ukurasa wa pili ulikuwa na jedwali zima, safi, lenye kichwa: Waendao kwa miguu. Kwenye fomu ya yule kijana ukurasa huo ulikuwa mweupe kama sahani ya mtu aliyealikwa asifike.

— Ipo, — alisema polepole. — Ipo, mama. Hakuna aliyeijaza.

— Basi tujaze.

Vikombe vya kahawa vilipangwa ubaoni kama wanajeshi. Kwa kila mtu anayepita, kijiwe kiliokota kijiwe: kokoto moja, tia kikombeni. Kokoto hamsini, kikombe kimejaa, mwaga, Injinia anaandika hamsini, anza tena. Spika alipewa wanaopanda, Kisorya wanaoshuka, Mama Gati watoto, kwa sababu yeye aliwajua kwa majina na hawangeweza kumdanganya. Habari ilishuka mteremko haraka kuliko basi lolote: wanatuhesabu. Watu wakaanza kutembea wameinua videvu.

— Pita mama, umehesabiwa.

— Na beseni langu?

— Beseni ni abiria wako.

Alfonsi, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, alipita akipanda, akapita akishuka, akapita tena akipanda, akipiga mluzi, kana kwamba kila safari ina shughuli yake.

— Alfonsi, — Injinia alimwita.

— Naam mzee.

— Wewe ni mmoja.

— Nawasaidia jamani.

— Tusaidie kwa kuwa mmoja. Rudi kwenye cherehani.

Jua lilivuka majabali, likaelekea ziwani. Saa kumi na moja na nusu mabasi yalikuwa kumi. Spika alianza kuimba chinichini. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane, basi la shule likachomoza juu kwenye kona, la bluu, taa zimewaka, likishuka taratibu kama mtu anayejua kwamba hatakiwi. Spika alimtazama Injinia kwa macho ya kuomba.

— Kumi na moja, — alisema Injinia, akiandika. — Na tumelitia sahihi.

Walimaliza. Rhobi alijumlisha mara mbili, kisha akawapa wajumlishe wenyewe. Mabasi: kumi na moja. Watu kwa miguu: elfu mbili, mia tatu na kumi na sita. Walikuwa wamekaa kando ya namba hiyo maisha yao yote, wakiitolea salamu, bila kujua kwamba ni kubwa hivyo.

— Elfu mbili, — alisema Kisorya. — Kisorya kwenyewe siku ya mnada hatukufikishaga.

Na Kisorya akisema jambo limeshinda Kisorya, ujue limeshinda.

Siku kumi na nne zilipita. Ya kumi na tano, asubuhi ya Jumamosi, Rhobi alishuka kwa miguu kutoka lami pana, bomba la karatasi kwapani. Alilitandaza ubaoni, vikombe vinne vikashikilia pembe nne, na vichwa vikainama juu yake, vya kijiwe na vya mtaa, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umemwona anashuka na ukamfuata.

— Mabasi ya Bunda na Butiama yatakuwa na njia yao peke yao, — alisema Rhobi, — lakini huku juu, kwenye lami pana, ambako nafasi ipo. Hayateremki tena. Kituo kiko hapa, kichwani mwa Mawe Matatu. Na huku chini, mnaona huu mstari wa kijani, kutoka kituoni mpaka ziwani? Ni njia ya miguu. Ina ngazi pale penye mwinuko mkali, na sehemu za kupumzikia karibu na majabali.

— Upana? — aliuliza Injinia.

— Mita mbili. Inatoka upande wa kulia, kwenye kipande kilichokuwa cha magari.

— Na kushoto?

— Kushoto hakuna kitu, mzee. Kushoto kuna ubao, na baraza, na nyumba.

— Rudia, — alisema Spika, — kwa walio nyuma. Kikao hakijasikia.

Rhobi alirudia. Safari hii vigelegele vilianzia kwa bibi wa jabalini, vikapokelewa na wenye mabeseni, vikashuka mpaka ziwani na kurudi. Alfonsi alipita akipanda na kushuka mara tano, na hakuna aliyemzuia. Kisorya alikumbatiana na mtu wa Bunda aliyekuwa anapita zake. Mama Gati alikaa chini kwenye kizingiti cha chumba chake cha mbele, akafunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika. Alipoufunua alikuwa anacheka na mashavu yamelowa.

Kahawa ikamiminwa. Ikamiminwa kwa wazee, kwa wanafunzi, kwa dereva wa bajaji, kwa mtu wa Bunda, kwa mchungaji aliyedai hanywi. Watu walikunywa kwa zamu, vikombe vikapita mikono. Injinia peke yake alisimama pembeni, ndoo ya chokaa mguuni, akiifuta ile alama nyekundu. Alipaka mkono wa kwanza, wekundu ukachungulia. Akapaka wa pili.

— Injinia, — aliita Mama Gati.

Watu walikumbuka kwamba kuna hukumu iliyolala kiporo.

— Naam, Mama Gati.

— Njoo hapa mbele.

Alikuja, amevua kofia, brashi ikichuruzika.

— Umekosa, na umerudisha palepale ulipokosea. Nyumba imesimama. Lakini kosa la mahari lina faini, au halina?

— Lina.

— Birika langu linakunywa maji ya bombani, kule chini kabisa. Utanichotea wewe. Madumu, — akavuta pumzi, akautazama mtaa wote kama yeye ndiye mshenga siku hiyo, — mia mbili na arobaini.

Mtaa uliguna kwa furaha. Spika alisugua viganja. Hapa sasa kazi ilikuwa imemfikia fundi wake. Kila mtu aliisubiri ile sauti ya asali, ile inayoanza na “dada yangu, tutazamane,” ile iliyowahi kushusha ng'ombe thelathini mpaka kumi na moja kabla ya chakula cha mchana.

— Punguza mama, — alimnong'oneza Kisorya kwa pembeni. — Sema punguza. Anzia kumi.

Injinia alifungua mdomo. Ulimi ulipanda, ukajipanga, ukazigusa ngazi zake zote. Kisha alimtazama Mama Gati, akatazama ukuta mweupe nyuma yake.

— Nakubali, — alisema.

Mtaa ukalipuka kwa kucheka. Wanasema vicheko vile vilisikika mpaka sokoni.

Mama Gati alishika birika kummiminia Injinia kikombe cha heshima, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi. Lilitoka tone moja, na machicha. Saa tatu asubuhi kahawa ilikuwa imekwisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ubao ule ulazwe juu ya mawe.

— Maji yameisha, — alisema, akimtazama.

Injinia alivaa kofia yake ya njano. Alichukua dumu la njano kama kofia, akalitupia begani, akashika upande wa kulia wa barabara, palipochorwa kijani kwenye karatasi ya Rhobi, akateremka kuelekea bombani, mgongo wima kama fimbo ya kupimia. Watoto walimfuata, na mabeseni yakampisha. Na alipokuwa anapanda, maji yakimlowesha shingo, mtaa mzima ulisogea umsikilize anasemaje. Alifika barazani, akatua dumu, akajifuta uso.

— Moja, — alisema.